Ndinga Inanguruma, Hela ya Kiwanja Iko Wapi?

Filta ya kawaida ya kiwandani, au ile koni ya kishua inayong'aa chini ya boneti? Kabla mmoja wenu hajachomoa pochi, someni hii mkiwa wawili.

Ilikuwa Ijumaa, saa kumi na mbili unusu jioni. Nipo jikoni nakaanga samaki, nikasikia gari linapanda kilima cha kuja kwetu Goba. Nikajua siyo letu. Letu ni IST, sisi 1,300, sauti yake kama cherehani ya fundi wa mtaani. Hili lililokuwa linakuja lilikuwa linavuta pumzi kama mzee anayekoroma baada ya pilau. Geti likafunguliwa. Aliyeshuka ni mume wangu, kacheka mpaka jino la mwisho linaonekana.

"Umeisikia?"

"Nimeisikia. Inaumwa nini?"

"Haiumwi, mama. Imepona!"

Akafungua boneti. Pale lilipokuwepo boksi jeusi la plastiki, ambalo kwa miaka mitatu sikuwahi hata kujua lina kazi gani, palikuwa na bomba la alumini linalong'aa na mwisho wake koni nyekundu kama taa ya disko. "Sasa injini inahema," akaniambia. "Ile karatasi ilikuwa inaibana pua."

Nikauliza swali moja tu. Bei gani?

"Kidogo tu."

Mpenzi msomaji, kama umewahi kukaa na mtu nyumba moja hata kwa wiki mbili, unajua kwamba "kidogo tu" ni namba kubwa kuliko namba zote. Ilikuwa laki tatu na elfu themanini, ufundi ndani yake. Na haikutoka kwenye mfuko wake. Siku ya tatu nikaangalia salio la akaunti yetu ya pamoja, ile ya kiwanja, ambayo kila mmoja anaweka laki mbili kila mwisho wa mwezi na sharti letu ni moja: hakuna anayegusa bila kumwambia mwenzake. Ilikuwa imeguswa.

Tukanuniana wiki nzima. Mnaoishi kwenye nyumba ya vyumba viwili mnajua kununiana kwenye nyumba ya vyumba viwili kulivyo kugumu. Mnapishana koridoni kama daladala kwenye kichochoro. Alipochoka kunyamaza akajitetea hivi: "Hiyo siyo matumizi, ni uwekezaji. Mafuta yatapungua asilimia kumi. Miezi sita pesa imerudi."

Mimi ni mhasibu. Ukinitajia asilimia, umeniita kazini. Tunatumia kama shilingi 240,000 za petroli kwa mwezi. Asilimia kumi ni 24,000. Gawanya 380,000 kwa 24,000. Hata kama kila alichoambiwa na muuzaji ni kweli tupu, pesa ingerudi baada ya karibu miezi kumi na sita. Nikamwambia sawa, baba, nanunua daftari la kaunta, tutaona.

KWANI INJINI INAKULA NINI?

Wengi wetu tunajua gari linakula petroli. Kinacholiwa zaidi ni hewa, na kwa wingi wa kutisha. Ili kuichoma petroli vizuri, injini inahitaji hewa karibu mara 14.7 ya uzito wa petroli yenyewe. Ukibadilisha uzito huo kuwa ujazo, lita moja ya petroli inataka takriban lita 9,000 za hewa. Hayo ni mapipa 45, yale ya lita 200 tunayowekea maji uani, kwa lita moja tu! Weka mafuta lita 30 kabla ya kwenda Morogoro, halafu piga hesabu mwenyewe.

Hewa yote hiyo inapita kwenye kitu kimoja: filta. Mafundi wengine wanaiita ea klina. Ya kiwandani mara nyingi ni karatasi maalumu iliyokunjwa kunjwa kama feni ya harusini, imekaa ndani ya boksi, na boksi linavuta hewa kwa mrija kutoka mbele, karibu na taa au grili, ambako hewa haijapashwa moto na injini. Usiichanganye na filta ya kiyoyozi, ile inayokaa nyuma ya kisanduku cha dashibodi mbele ya abiria. Hiyo ni ya mapafu yenu, siyo ya injini. (Na kama mmekuwa na gari miaka miwili hamjawahi kuibadilisha, tafadhali msinialike kwenye lifti.)

Sasa, hoja ya wauza koni ni rahisi na inavutia: karatasi inabana, koni inaachia, hewa zaidi ni nguvu zaidi. Si uongo mtupu. Karatasi inabana kidogo. Swali ni kidogo kiasi gani, na wewe unaitumia injini yako vipi.

Nilimpata fundi mmoja mtu mzima, wa mtaani kwetu, amefanya kazi hii tangu enzi za Datsun. Nikamwamkia, nikamweleza. Akacheka, akaniambia nitazame dirisha la kibanda chake. "Mwanangu, hapo kuna neti ya mbu. Na huu hapa mlango, nimeufungua vidole viwili. Upepo ukiwa mdogo humu ndani, kosa la nani? La neti au la mlango?"

Mlango anaouzungumzia ni kile kilango kinachofunguka unapokanyaga mafuta. Kwenye foleni ya Mwenge, au ukienda taratibu Barabara ya Bagamoyo, kilango hicho kimefunguka kidogo tu, na chenyewe ndicho kinachobana hewa kuliko kitu chochote. Ondoa neti, weka neti nyingine ya bei mbaya, upepo ni ule ule. Filta inaanza kuonekana pale unapokanyaga mpaka mwisho na injini iko kwenye mizunguko ya juu. Jiulize mwenyewe: kati ya nyumbani na ofisini, unafanya hivyo mara ngapi? Mume wangu alijibu "mara nyingi." Mimi huwa nakaa kiti cha pembeni. Siyo mara nyingi.

Na hata hapo, injini yetu ina hospawa chini ya 90. Ukipata nyongeza ya mbili tatu utazihesabu kwenye mashine, siyo kwenye kiti.

Kuhusu mafuta, Wamarekani walishalipima jambo hili. Mwaka 2009 Maabara ya Taifa ya Oak Ridge ilijaribu magari yenye filta safi na yenye filta zilizozibwa kwa makusudi. Kwenye magari ya kisasa yenye kompyuta inayopima hewa na kugawa petroli, filta chafu haikubadilisha ulaji wa mafuta kwa kiasi cha maana. Kilichoathirika ni uchomokaji: kubadilisha filta iliyozibwa kuliboresha muda wa kuongeza kasi kwa asilimia 6 hadi 11. Walioumia mafuta ni magari ya zamani ya kabureta, ambayo yalipata nafuu ya asilimia 2 hadi 6 yalipowekewa filta safi. Kumbuka hapo wanalinganisha safi na iliyozibwa. Kama filta iliyozibwa haikuli mafuta yako, koni inayochukua nafasi ya karatasi safi itakuokolea mafuta gani?

Siku nilipomsomea mume wangu hayo, alinyamaza, kisha akasema, "Hao hawakujaribu IST." Wanaume!

HEWA YA MOTO

Kuna jambo jingine ambalo muuzaji hakulitaja. Koni yetu ilikuwa wazi, haina boksi, imekaa sentimita chache kutoka kwenye injini yenyewe. Kwa hiyo ilikuwa inavuta hewa ya chini ya boneti. Ulishawahi kugusa boneti baada ya saa nzima ya foleni ya Ubungo saa nane mchana? Hewa ikipata moto inatanuka na kuwa nyepesi. Kwa kila nyuzi 3 za Selsiasi zinazoongezeka, uzito wake unapungua kwa takriban asilimia 1. Hewa ya ndani ikizidi ya nje kwa nyuzi 15, umepoteza kama asilimia 5 ya ile hewa uliyolipia laki tatu na themanini uipate kwa wingi. Juu ya hapo, kompyuta ya gari ikihisi joto inaweza kuchelewesha moto wa plagi ili kulinda injini, na gari linazidi kuwa zito.

Ndiyo maana watu wanaojua wanachokifanya hawaachi koni uchi. Wanaizungushia ukuta wa kuzuia joto, au wanarefusha bomba mpaka nyuma ya bampa kuifuata hewa ya ubaridi. Wazo zuri, ila kwa Dar lina shimo lake. Shimo lenye maji.

Yule fundi mzee aliniambia jambo moja ambalo sijalisahau: "Hewa inabanwa, mwanangu. Maji hayabanwi." Pistoni ikipanda na kukuta maji badala ya hewa, haina pa kwenda. Kinachopinda ni konrodi, ule mkono unaoishika pistoni, na ukipinda mara nyingi injini ndiyo basi tena. Mrija wa kiwandani umewekwa juu kwa sababu. Bomba lililoshushwa nyuma ya bampa lipo karibu na lami, na masika ya jiji hili kila mtu anayajua. Ukifika Jangwani siku ya mvua kubwa ukaona mwenzako anapita, usimfuate mpaka ujue yeye anavutia hewa wapi na wewe unavutia wapi.

VUMBI LA GOBA

Hapa ndipo mchezo wote ulipo, na mtu akikuambia habari za filta bila kutaja vumbi, anakuuzia mapambo.

Lami ya kwetu inaishia barabara kubwa. Baada ya hapo ni vumbi jekundu, mashimo, na malori ya mchanga yanayopita mbele yako yakiacha wingu. Vumbi hilo siyo unga wa sembe. Ndani yake mna chembe za mchanga, ngumu kama msasa. Zikipita filta zinakwenda kukaa kati ya pistoni na ukuta wa silinda, zinaanza kusugua. Ringi zinakwisha, injini inaanza kula oili, halafu unaona moshi wa bluu nyuma. Haiji siku moja. Ndiyo ubaya wake: unanunua leo, unalipa mwaka wa tatu, na huwezi kumkumbuka aliyekuuzia.

Kuna kipimo cha kimataifa cha filta hizi, ISO 5011. Maabara inapulizia vumbi la majaribio lililopimwa, halafu inaangalia kiasi gani kimepita. Filta nzuri ya karatasi inakamata asilimia 99 au zaidi kwa uzito. Mtu atakuambia, "Hii yangu inakamata 98, tofauti ya asilimia moja ni nini?" Mhasibu anakujibu: ya kwanza inapitisha moja, ya pili inapitisha mbili. Vumbi linaloingia kwenye injini limeongezeka maradufu! Kwa hiyo ukienda dukani, swali la kuuliza siyo "inapitisha hewa kiasi gani?" Uliza inazuia vumbi kiasi gani, na kama boksi lake limeandikwa kipimo chochote. Muuzaji akikutazama kama umemuuliza habari za mahari, endelea mbele.

Na ajabu nyingine ambayo mimi sikuijua: filta ya karatasi iliyotumika kidogo inazuia vumbi vizuri kuliko mpya, kwa sababu vumbi lililokwisha kunasa linasaidia kunasa jingine. Kwa hiyo ukiifungua ukaona imepauka, usikimbilie kuitupa. Na usiruhusu ipulizwe ovyo. Pale tunapooshea magari kijana anakuja na mpira wa kompresa, anaipuliza kwa nguvu zote kutoka upande wowote anaojisikia, kisha anaipigapiga kwenye tairi. Karatasi inapata matundu usiyoyaona. Inyanyue uitazame kwenye jua. Ukiona vinukta vya mwanga vinapenya kama nyota, hiyo siyo filta tena, ni chekecheke. Karatasi haioshwi pia, hata kwa sabuni laini. Vitabu vya magari vinataja kilomita za kuibadilisha kwenye barabara safi, na vinakutaka uwahi zaidi kwenye vumbi. Sisi wa mitaa ya vumbi tuiangalie kila tunapobadilisha oili, basi.

Sasa turudi kwa mume wangu na koni yake.

Wiki ya sita, siku ya oili, fundi mzee akafungua lile bomba la alumini upande wa ndani, yaani upande ambao hewa imekwisha kuchujwa. Akaingiza kidole, akakizungusha, akakitoa. Akamnyooshea mume wangu bila kusema neno. Kidole kilikuwa chekundu.

Nilimwangalia uso wake. Kusema ukweli sikufurahi kama nilivyotegemea. Alikipangusa kidole cha fundi kwa leso yake mwenyewe, ile nyeupe ya ofisini, akauliza polepole: "Limeingia kiasi gani?"

"Wiki sita siyo miaka sita," fundi akamjibu. "Toa leo."

Ilikuwa koni feki, na mpira wa kuunganishia ulikuwa haujashika vizuri, vumbi lilikuwa linapita pembeni bila hata kuigusa filta. Hilo nalo liangalieni: sehemu ya kiwandani ina faida moja isiyong'aa, inakaa pale pale ilipochongewa. Vitu vya kuungaunga kwa klipu vinategemea mkono wa aliyevifunga.

PAMBA NA MAFUTA YAKE

Nisije nikaonekana nachukia kila kisicho cha kiwandani. Kuna koni feki ya kwenye meza ya barabarani, halafu kuna filta za watu walioifanya kazi hii maisha yao yote. K&N, kwa mfano, ilianzishwa mwaka 1969 huko California, na filta zake ni za pamba iliyopakwa mafuta maalumu. Unaiosha, unaikausha, unaipaka mafuta tena, inarudi kazini. Nyingine zinatengenezwa zikae ndani ya boksi lako lile lile, hakuna kukata bomba wala kuhamisha kitu. Kama mwenzako amekazania kuwa na kitu tofauti, hiyo ndiyo njia isiyo na kelele, kwa maana zote mbili.

Ila ina masharti. Ukipaka mafuta mengi kupita kiasi, yanaweza kusafiri na hewa mpaka kwenye sensa ya hewa, ule uzi mwembamba wa moto unaoiambia kompyuta hewa kiasi gani imeingia. Uzi ukipata utando wa mafuta na vumbi, unatoa taarifa za uongo, taa ya injini inawaka, gari linakosa nguvu. Na ukipaka kidogo mno, vumbi linapita. Halafu lazima ikauke kabisa kabla ya kurudishwa, na usafishaji wake una dawa yake. Siyo petroli na siyo sabuni ya vyombo. Je, nyumbani kwenu nani ataifanya kazi hiyo? Kama hata kupima oili mnategeana, nunueni karatasi. Ya kwetu mpya nilinunua kwa shilingi 18,000, na nilikwenda na ile ya zamani mkononi nikalinganisha namba, mkunjo na unene wa mpira wa pembeni, maana feki za karatasi nazo zimejaa tele.

Na wazee wa Subaru na tabo? Nyie ni kabila jingine. Injini ya tabo inavuta hewa nyingi kwa nguvu, na mtu anayebadilisha mfumo mzima, bomba la moshi, tabo yenyewe, halafu akaipeleka kompyuta ya gari kwa mtu wa kuipangilia upya, anaweza kupata kitu cha kweli kutoka kwenye njia ya hewa iliyo pana. Hapo koni ni sehemu moja ya kazi kubwa na ya gharama. Ukichukua hiyo sehemu moja ukaifunga kwenye IST, umenunua viatu vya mpira wa miguu ukavivaa harusini.

BOKSI LIMEKWENDA WAPI?

Kurudisha hali ya zamani, ungedhani ni kazi ya nusu saa. Tatizo: boksi letu la kiwandani lilibaki kwenye ile gereji iliyofunga koni. Tulipokwenda, hakuna aliyelijua. Boksi? Boksi gani, shemeji? Lilikuwa limeshauzwa, nina hakika, kwa mtu mwingine aliyekuwa anajuta kama sisi. Kwa hiyo Jumamosi nzima tukazunguka Gerezani, jua la utosi, tukitafuta boksi la mtumba lenye klipu zote nne. Tukalipata kwa elfu sabini. Yeyote kati yenu atakayebadilisha chochote kwenye gari, chukueni kilichotolewa mkakiweke chini ya kitanda!

Huko Gerezani, tukiwa tumekaa kwenye benchi la mama lishe, ndipo mume wangu akasema kitu ambacho angekuwa amekisema mwanzo nisingefungua daftari. "Unajua, tangu tuoane kila tunachonunua ni saruji. Nondo. Mchango. Ada. Kazini navaa tai kutwa. Nilitaka kitu kimoja kisicho na maana."

Sikuwa na la kumjibu papo hapo. Nilikuwa nimejiandaa kwa hesabu, siyo kwa hilo. Nikamuuliza tu kwa nini hakuniambia. Akasema alijua ningeuliza miezi mingapi pesa itarudi. Na kweli ningeuliza.

Tulichopanga siku ile, tukiwa na sahani ya wali maharage katikati yetu, ni kwamba kila mmoja atakuwa na elfu arobaini zake kwa mwezi ambazo mwenzake haruhusiwi kuziulizia. Tunaziita hela za upuuzi. Akaunti ya kiwanja haiguswi. Mwezi wa kwanza mimi nilinunua pafyumu. Yeye anakusanya, haniambii anakusanyia nini, na sheria inanikataza kuuliza. Nateseka!

Koni tulimuuzia kijana mwenye Altezza kwa laki moja na nusu. Mume wangu alimweleza kila kitu: kwamba ni feki, kuhusu vumbi, kuhusu joto, kuhusu mpira usioshika. Alitaka hata kumwonyesha leso. Kijana alikuwa haskii, ameshaikumbatia. Pesa ikarudi kwenye akaunti siku hiyo hiyo, nikiwa namwangalia akiituma.

Na daftari la kaunta? Niliendelea nalo wiki sita nyingine na boksi la mtumba na karatasi mpya. Pampu ile ile, kujaza mpaka inapokata yenyewe, kusoma kilomita, kuandika. Na koni tulikuwa tunakwenda kilomita 11.9 kwa lita. Na boksi, 12.2. Sitawadanganya kwamba boksi limeshinda. Siku mbili za foleni mbaya zinatosha kuleta tofauti hiyo. Ila zile asilimia kumi za uwekezaji sikuziona popote, na niliangalia kurasa zote.

Jumapili iliyofuata tulikwenda Bagamoyo. Tulipopita Bunju barabara ikafunguka, akazima redio, akakanyaga mafuta, akasikiliza. Cherehani.

"Haisemi kitu," akanung'unika.

Nikanyoosha mkono nikashusha kioo cha upande wake, upepo ukaingia kwa kishindo ukazima maongezi yote. Akacheka. Hatukukipandisha mpaka tulipofika.